Muhuri wa Mtani Wangu

Kura ile ya kwanza mimi sikupiga, lakini ndiyo iliyoniondoa ndani ya nyumba yangu. Bazungu walikuwa bado wanatawala, na wanawake hatukuitwa. Waliitwa wanaume tu, wakapanga mstari mbele ya shule tangu asubuhi na makoti yao ya misa, kila mmoja anajifanya ana siri. Mume wangu alirudi saa sita, akavua viatu, akaanza kucheka peke yake. Nikamwuliza amemchagua nani.

"Nimechagua Mamba," akasema. "Akule makaratasi ya bazungu mpaka ashibe, pengine atatuachia shiye Samaki tupumuzike."

Hapo lazima nieleze, maana vijana wa leo ukiwatajia utani wanafikiri ni kuchekesha watu kwenye baa. Mume wangu alikuwa mtu wa Kilwa, si ile ya pwani bali ile ya ziwani, wa ukoo wa Samaki. Mimi ni wa Kasomeno, wa ukoo mwingine, ila katika utani nilihesabiwa Samaki pamoja naye. Yule aliyemchagua alikuwa karani, jirani yetu wa njia ya pili, naye ni wa ukoo wa Mamba. Mamba na Samaki ni watani. Mtani anakutukana wewe, mama yako na sufuria yako, nawe unamrudishia, na anayekasirika ndiye mjinga. Ukifa, mtani ndiye anayekuzika. Sheria ni moja tu: tusi la mtani lazima lijibiwe. Ukinyamaza, umemwambia kwamba kati yenu hakuna kitu tena.

Basi, Mamba akashinda. Akawa bourgmestre, mkubwa wa commune yetu, yaani mtaa wetu mzima, mtu mweusi wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Commune gani, sitasema. Wajukuu zake wapo, na wananisalimia vizuri.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa rahisi, hata kama yalikuwa mabaya. Kulikuwa na muzungu mmoja, mlango mmoja, muhuri mmoja. Unataka kuandikisha mtoto, kwake. Baiskeli, kwake. Una mgeni wa siku tatu kutoka kijijini, kwake. Anakufokea, anagonga muhuri, unatoka. Sasa tukaambiwa amri imeshuka kutoka kule juu, commune itajiongoza yenyewe. Wapi! Tulipofika biro, ofisini kwao, tulikuta milango miwili. Katika chumba kikubwa alikaa Mamba na tai shingoni. Katika chumba cha pili alikaa muzungu yuleyule na meza yake ileile, eti sasa yeye ni wa kushauri. Watu wakapanga mistari miwili. Ukifika kwa huyu, anakutuma kwa yule. Nilimwona mzee mmoja amesimama katikati na cheti cha mjukuu wake mkononi, anauliza kila anayepita, "Leta iko ku mulango gani?" Leta ndiyo serikali, ndivyo tulivyoiita. Hakuna aliyemjibu, na mimi pia sikujua.

Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga. Kiwanja tulipewa na yule muzungu wakati wa mlango mmoja, na katika kiwanja kile kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba. Watu walituhurumia. Mume wangu alifurahi, maana udongo wa kichuguu ndio unaotoa matofali mazuri. Alikichimba mwaka mzima, jioni baada ya kazi, na mimi nikaukanyaga ule udongo kwa miguu hii, nina mimba ya mtoto wa pili, nimefunga kitenge juu ya magoti. Tuliyachoma matofali wenyewe. Ukuta wa chumba cha watoto ulipinda kidogo kwa sababu siku ile tuligombana, akajenga na hasira. Vyumba vitatu, baraza, mlango wa mbao wenye kufuli. Karatasi ya kiwanja ilikuwa na jina lake peke yake. Mimi jina langu lilikuwa kwenye matope.

Miezi michache baada ya kura, kifua kilimshika. Akalala hospitali wiki tatu, akafa. Niliachwa na watoto watatu.

Kwenye kilio watu walinong'ona kwamba Mamba hatakuja, amekuwa mkubwa sasa, atatuma salamu. Alikuja. Aliingia chumbani bila kuuliza, akatoka amevaa suruali ya kazi ya marehemu, ile yenye simenti iliyokauka, na mwiko wa kujengea mkononi. Akazunguka akigonga kuta.

"Huyu fundi alikuwa muvivu! Muone ukuta, umepinda sawa mugongo ya mama yake! Haizuru. Nyumba iko yangu sasa, na mujane iko wangu. Weye Samaki, unalala nini? Leta chai!"

Nilikuwa kwenye mkeka, siku mbili sijala. Nikachukua kikombe cha maji, nikammwagia usoni. "Kwanza osha meno, Mamba weye! Unataka chai na kinywa ya vile?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nikacheka, na kicheko kikafungua kilio, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kule makaburini aliingia shimoni akalala chali kupima kama rafiki yake atatosha, akapiga kelele kwamba ni padogo, Samaki huyu alikula sana. Bourgmestre mzima, shimoni, na udongo mwekundu kwenye nywele. Siku ile nilimpenda kama ndugu, nasema wazi.

Mwezi mmoja baadaye polisi alisimama mlangoni kwangu na karatasi yenye muhuri. Maweee! Tangu utoto wangu karatasi iliyoletwa na polisi haijawahi kuleta habari njema. Mimi sijui kusoma Kifaransa, wala sikusoma hata Kiswahili. Nikakimbia ng'ambo ya njia kwa katekista, ambaye alitusomea barua sote. Akavaa miwani, akasoma kimya, midomo ikaanza kumcheza.

"Kwa amri ya bourgmestre," akasema, "bantu bote ba ukoo wa Samaki banakatazwa kupita mbele ya nyumba ya Mamba, juu ya harufu."

Na muhuri chini! Muhuri wa kweli, wa mviringo, rangi ya zambarau! Polisi naye alikuwa amejificha nyuma ya ua, anacheka. Nikampa bakuli la miiba ya samaki ampelekee mkubwa wake, nikasema hayo ndiyo majibu. Baada ya wiki kadhaa ikaja ya pili: niliamriwa kuleta kinywa changu biro kiandikishwe na kupewa namba, kama baiskeli. Muhuri tena. Ile niliibandika ukutani, na majirani walikuja kuitazama. Tulifurahi sana, siwezi kudanganya. Muhuri uliokuwa ukitutetemesha miaka yote sasa ulikuwa unacheza na sisi. Tulifikiri hiyo ndiyo maana ya utawala kuja nyumbani.

Halafu shemeji yangu akafika. Mdogo wa mume wangu, mchuuzi wa samaki wakavu, alishuka kwenye lori lililotoka njia ya Kasenga, akiwa na mizigo miwili na vumbi mpaka kwenye kope. Alilia kaburini, akala kwangu siku nne. Siku ya tano akaanza kuzungukazunguka, akihesabu madirisha.

"Shemeji," akaniambia, "kufuatana na desturi yetu, bintu ya kaka inarudi ku ukoo. Weye uko Samaki wa utani tu. Utarudi kwenu Kasomeno, ao utatafuta bwana."

"Na miguu yangu iliyokanyaga haya matofali," nikamwuliza, "nayo itarudi Kasomeno?"

Akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Alikuwa na mama yake mzee kule ziwani na watoto wengi kuliko wangu, na desturi ilikuwa upande wake. Ila wakati wa muzungu, wajane kadhaa niliowajua walibaki katika nyumba zao, kwa sababu walikwenda kwenye mlango ule mmoja, wakalia, na muzungu siku akiamka vizuri anagonga muhuri, basi. Nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda kulia.

Muzungu wa chumba cha pili alinitambua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua mikono. "Hapana mimi tena, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Viwanja vimekwenda kwa bourgmestre wenu. Ninyi mulitaka vile." Nilitaka kumwambia kwamba mimi sikuulizwa nilitaka nini, lakini alikuwa amekwisha kuita mtu wa nyuma yangu.

Nikavuka ukumbi, nikaingia kwa Mamba. Alikuwa na washauri wake watatu, wanaume wenye kalamu mfukoni. Nilifurahi kumwona, nikamtolea la kwanza palepale: "Mamba, nani alikufunga kamba ku shingo? Unapelekwa soko?"

Washauri wakakohoa. Mamba alishika tai yake, akatazama mlango wa chumba cha pili, akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Alisema mambo ya shemeji yangu ameyasikia, kwamba commune itaita pande zote mbili, na kila mmoja atasema yake mbele ya watu. Nikasimama pale sijui nicheke au nipige magoti. Huyu aliyelala kwenye kaburi la mume wangu alikuwa ananiita "madame".

Nilipokuwa nimefika barabarani alinifuata mbio na baiskeli yake, tai imerukia begani. Akapunguza mwendo pembeni yangu. "Samaki!" akasema. "Anza kufunga bintu. Nilisema ku kilio, nyumba iko yangu!" Akacheka, akakanyaga pedali. Nikamtupia tusi lake la mama yake, roho ikatulia. Huyu sasa ni Mamba ninayemjua, nikasema. Mambo yameisha, atanipa nyumba yangu.

Wiki mbili zikapita. Siku moja mchana nilikuwa nachuja munkoyo, ile pombe tamu ya mahindi niliyokuwa nikiuza, mikono imejaa, na polisi akaja na karatasi. Polisi yuleyule wa harufu na wa baiskeli. Naye alikuwa na tabasamu lilelile, na sitamlaumu, kwa sababu naye hakusoma.

"Ya tatu hiyo," akasema. "Bourgmestre anasema, siku ya ine saa tatu ukuye ku biro. Usipokuya, nyumba inaenda."

"Mwambie akuye yeye," nikajibu, "nimupe makapi ya munkoyo, hiyo njo chakula ya mamba."

Tukacheka wote wawili, akaenda. Katekista hakuwapo nyumbani, na kusema kweli hata angekuwapo nisingevuka njia. Nilikuwa nimeshasoma, ndivyo nilivyofikiri: muhuri wa zambarau, tishio la nyumba, yaleyale ya kilio. Meza yangu ya munkoyo ilikuwa inacheza mguu mmoja. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaiweka chini ya mguu ule, na meza ikasimama sawa.

Siku ya ine, Alhamisi hiyo, saa tatu, nilikuwa soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, na chungu changu kikubwa. Niliuza mpaka kikaisha. Nakumbuka nilirudi naimba.

Kesho yake asubuhi shemeji alisimama uani, na polisi nyuma yake. Polisi hakuwa anatabasamu. Shemeji alikuwa na karatasi mpya mkononi, na aliishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto.

"Shemeji," akasema, "jana haukukuya. Banangoja, banangoja. Banasema asiyekuya ameacha."

Nilicheka. Mungu ananiona, nilicheka! Nikamwambia hata wewe Mamba amekufundisha kuigiza? Hakucheka. Nikamtazama polisi, akageuza uso. Hapo ndipo nikapiga magoti, nikanyanyua mguu wa meza, bakuli likaanguka na makapi yakamwagika, nikaikunjua ile karatasi yenye alama ya mguu katikati, nikavuka njia nikikimbia. Katekista aliisoma mara mbili. Midomo yake haikucheza.

"Mama," akasema polepole, "hii haina utani. Banakuita kweli. Na iko imeandikwa, asiyefika atahukumiwa bila yeye."

Sijui nilifikaje biro. Sikupanga mstari. Niliingia chumba kikubwa na nguo zangu zenye matope ya munkoyo, na Mamba alikuwa peke yake, na nadhani alikuwa ananingoja.

"Ulikuwa wapi?" akauliza kabla sijafungua kinywa. "Nilikungoja mpaka saa sita. Nilituma mupolisi mara mbili, nyumba imefungwa! Shemeji yako alisema yake, na kiti yako tupu. Nilitaka unieleze matofali, kichuguu, yote, mbele ya bale bantu. Nilikuwa tayari!"

"Nilifikiri unacheza."

"Naweza kucheza na nyumba ya batoto ba rafiki yangu?"

"Ulicheza nayo ku kilio! Ulicheza nayo ku barabara, na hii tai ku shingo! Ulinitumia muhuri mbili za kicheko, ya tatu njo ya kulia, na polisi mumoja, na rangi moja! Miye ningejua namna gani? Sema! Ningejua na nini?"

Alikaa. Alitazama muhuri wake, ulikuwa pale mezani kwenye kidau chake cha wino. Akasema tu kile alichoweza kusema. Kwamba washauri walikwisha kulalamika juu ya karatasi za mwanzo. Kwamba muzungu wa chumba cha pili alikwisha kumwuliza kama weusi wataongoza mji kwa mzaha. Kwamba kama jana angeahirisha kwa ajili ya mtani wake, wangesema ndiyo haya sasa. "Nilitia sahihi," akasema. "Miye mwenyewe. Nikivunja mukono yangu, commune itakuwa nini?"

"Basi nani anaweza kuvunja?"

Akasema labda mkubwa wa mji wote, kule katikati, muzungu mwingine, mlango mwingine. Nilikwenda huko pia. Nilikaa kwenye benchi siku mbili, siku ya tatu karani akaniambia mambo ya viwanja yameshuka commune, kwa nini ninayapandisha tena? Nikarudi kwa miguu mpaka nyumbani, na njiani nilikuwa nikijiuliza kama yule mzee wa cheti. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua niielekeze wapi. Kwa shemeji, aliyefuata desturi? Kwa Mamba, aliyefuata sheria, au kwa Mamba aliyefuata utani? Kwangu mimi, niliyeisimamisha meza kwa nyumba yangu? Mpaka leo sijui, na nimezeeka nikijiuliza.

Shemeji alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Dada yangu alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Katuba, akasema njoo tubanane. Siku ya kuhama nilikodi kigari cha kusukuma, tukapakia vitanda, sufuria, meza. Watoto walipitisha mikono juu ya ukuta uliopinda, na mimi niliwaita kwa ukali ili nisiutazame.

Hapo Mamba akatokea. Hakuwa na tai. Alikuwa amevaa ile suruali ya kazi ya marehemu, yenye simenti, aliyoichukua kwenye kilio kama haki ya mtani. Akakichukua chungu changu kikubwa cha munkoyo, akajitwika kichwani kama mwanamke, akatangulia.

Watu wakatoka majumbani. "Mamba anabeba chungu ya Samaki! Bourgmestre anabeba chungu!" Wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakagonga makopo, watu wakatufuata njia nzima mpaka Katuba wakifurahia utani mkubwa namna ile. Mimi nilitembea ubavuni kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka mpaka kidevuni, na mikono yake imeshika chungu hawezi kuyafuta. Nikamsikia mama mmoja anasema, "Muone, anajua kuigiza!"

Mbele ya mlango wa dada yangu akakitua chungu. Akajifuta uso kwa kiganja, akakohoa, akanyanyua kichwa mbele ya watu wote.

"Samaki," akasema, "chungu yako inanuka sawa weye."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza kusikia nitamrudishia nini. Yeye alinitazama kinywa. Nilikuwa nayo matusi, mazuri, hata matatu yalinijia palepale, na moja lingewaangusha watu chini. Alikuwa ananiomba moja tu.

"Aksanti, Bwana Bourgmestre," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mamba alitazama suruali ya mume wangu aliyoivaa, akageuka akarudi commune kwa miguu.